Ambari, Kaharabu na Sandarusi: Uhakiki wa Istilahi za Kisukuku cha Mbawakawa

Maelezo ya spishi mpya ya kisukuku ni maandishi yenye masharti makali. Sharti yataje jina, maumbile yanayoitenga spishi hiyo na jamaa zake, mahali ilipopatikana, umri wake, na kielelezo kimoja ambacho jina hufungamanishwa nacho. Makala ya Bao Tong na wenzake ya mwaka 2019 kuhusu Angimordella burmitina yanafuata masharti hayo. Mbawakawa huyo mdogo alinaswa na utomvu wa mti huko Kachin, Myanmar, yapata miaka milioni 99 iliyopita, katika kipindi cha Kretasia. Mwilini mwake zilionekana chembe 62 za chavua, nazo zikawa ushahidi kwamba wadudu walichavusha maua tangu zama hizo.

Je, utomvu huo uliogeuka jiwe uitweje kwa Kiswahili? Mfasiri wa Bunia, ambaye elimu yake ya sayansi ameipata kwa Kifaransa, hukutana na neno ambre, na ni rahisi avutwe na mlio wake aandike ambari. Hapo atakuwa amepotoka. Ambari ni kitu chenye harufu nzuri kitokacho tumboni mwa nyangumi. Kiarabu kilikusudia kitu hicho hicho. Katika Kifaransa neno hilo limebeba maana mbili. Kwa tafsiri hiyo mbawakawa wa msituni atakuwa amehamishiwa baharini.

Neno linalofaa ni kaharabu, lililotufikia kwa njia ya Kiarabu kutoka Kiajemi, ambako maana yake ni kinyakuacho makapi, kwa kuwa kaharabu ikisuguliwa huvuta vitu vyepesi.

Kosa la pili ni kuiita sandarusi. Sandarusi ni utomvu wa msandarusi, uliochimbwa kwa wingi katika mwambao wa Afrika Mashariki na kuuzwa Zanzibar kwa kutengenezea vanishi. Nayo huhifadhi wadudu, lakini ni changa mno. Mwaka 2020 Mónica Solórzano Kraemer na wenzake walipendekeza kwamba utomvu usiozidi miaka milioni 2.6 hivi usihesabiwe kuwa kaharabu. Wachimbaji wa mwambao nao walikuwa na mpaka wao: ile mbichi waliiita chakazi. Richard Burton alieleza mwaka 1860 jinsi wafanyabiashara walivyoliharibu neno hilo, likageuka katika Kiingereza kuwa jina la punda dume.

Pengine itadaiwa kwamba kaharabu ni neno la pwani, geni masikioni mwa watu wa Ituri. Hoja hiyo ina uzito, kwani istilahi isiyoeleweka haimfai msomaji. Hata hivyo, dawa yake ni kulifafanua neno linapotajwa mara ya kwanza. Kulibadili kwa lililozoeleka huku maana ikipotea si dawa. Ambari nayo si neno la kila siku Bunia; kilichozoeleka ni mlio wa Kifaransa tu.

Madhara ya uzembe huu si ya lugha pekee. Mwanafunzi akisoma kwamba mbawakawa wa Kachin yumo katika sandarusi, atamdhania kuwa wa umri mmoja na mdudu wa Zanzibar ambaye jamaa zake huenda wangali hai, na hoja nzima ya uchavushaji wa kale itamponyoka. Kiswahili kimeyatenga mambo haya matatu kwa maneno matatu. Ni wajibu wa wafasiri na watunga istilahi kuyahifadhi vivyo hivyo.