Kasiksi, divai na majivuno yetu

Wengi wetu tumeliona jambo hili kwa macho. Siku ya kutoa mahari, upande wa kijana unafika na kreti za bia, na kasiksi haikosi, kwa sababu bila kasiksi wazee hawafungui mazungumzo. Lakini kwenye meza ya mbele, pale wanapoketi walimu, muganga na wageni waliopanda kutoka Bukavu, inawekwa chupa moja ya divai nyekundu. Mmoja wetu anaishika, anasoma karatasi yake kwa sauti: «Bordeaux». Anaizungusha katika glasi ya Fanta, ananusa, anafunga macho. Nyuma pale, muzee mmoja anauliza: «Sasa, butamu yake iko wapi?» Naye musomi anajibu: «Papa, hii iko ya bale banaojua.» Mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi nasema jibu lile ni baya, na sababu yake si divai. Divai ni kinywaji kizuri, kina historia, na mtu anayetaka kujifunza habari zake asichekwe. Ubaya ni kwamba muzee ameuliza swali la maana kupita yote yanayoweza kuulizwa juu ya kinywaji, na badala ya kupewa jibu amefungiwa mlango. Tena yule aliyeufunga, ukimuuliza kasiksi iliyo kwenye bidoni nyuma yake imetoka katika ndizi gani, hajui.

Majivuno haya yalitoka wapi

Hayakuanza jana. Katika Kongo ya Wabelgiji, mtu mweusi hakuruhusiwa kununua divai wala pombe kali za Ulaya, na katazo hilo lilidumu mpaka miaka ya 1950. Wale waliokuwa wakiitwa évolués walililalamikia. Ilikuwa aibu kwao kusoma, kuvaa koti, kufanya kazi ya ofisi, kisha kukatazwa glasi ambayo kila Mzungu aliinywa mezani. Walikuwa na haki. Lakini wakati huo divai ikageuka kuwa alama. Kuinywa kulikuwa sawa na kusema «nami nimefika». Wengi wa wazazi wetu waliijua kwanza altareni, mikononi mwa padri, na hilo nalo liliiongezea heshima. Kasiksi ikabaki na jina la pombe ya kienyeji.

Leo katazo halipo tena, ila alama imebaki. Ndiyo sababu tunasoma karatasi ya chupa kabla ya kuonja.

Wenye divai nao walidanganyika

Tusifikiri kwamba kule Ulaya watu wote wanajua wanachosema. Ule mpango maarufu wa kupanga divai za Bordeaux kwa madaraja ulifanywa mwaka 1855, kwa ajili ya maonyesho makubwa ya Paris. Waliouandika walikuwa madalali wa divai, na kipimo chao kilikuwa hasa bei ya sokoni. Mpaka leo watu wanautaja kama amri ya mbinguni, na haujabadilika sana. Badiliko kubwa ni la mwaka 1973, shamba moja lilipopandishwa daraja la kwanza.

Mwaka 1976, pale Paris, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwaita waonjaji Wafaransa wenye sifa, akawapa divai za Ufaransa na za California bila kuonyesha chupa. Karatasi zilipofunuliwa, divai za California zilikuwa zimeshika nafasi ya kwanza kwa nyekundu na kwa nyeupe. Tena mwaka 2001 ulitangazwa uchunguzi uliofanywa Bordeaux. Wanafunzi 54 wa elimu ya divai walipewa divai nyeupe iliyotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha, nao wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Macho yaliitangulia pua.

Sisemi hayo kusudi tucheke Wafaransa. Nasema kwa sababu muzee wetu wa nyuma, aliyeuliza butamu iko wapi, alikuwa karibu na ukweli kuliko wote waliokuwa mezani.

Maswali manne

Ukiondoa majivuno, elimu ya divai inabaki maswali manne tu: ni zabibu gani, zilikua wapi, divai ilitengenezwa namna gani, na ni ya mwaka gani. Tuyalete hapa kwetu.

Ndizi gani? Si kila ndizi inatoa kasiksi moja. Ile Yangambi km5, iliyoenea sana Kivu, jina lake linatoka katika kituo cha utafiti cha Yangambi, upande wa Kisangani. Kisubi ni ndizi nyingine ya pombe, yenye maji matamu sana. Ndizi za asili za milima zina tabia yao, na wazee wanazitofautisha kwa kutazama shina tu.

Ilikua wapi? Kalonge ni juu na kuna baridi, Hombo ni chini na kuna joto. Katika baridi ndizi inakawia kukomaa, na maji yake yanakawia kuchacha. Kasiksi ya siku mbili kule chini haiko sawa na kasiksi ya siku mbili kule juu. Ukitoka nje ya Kongo utaona jamaa yote ya kinywaji hiki: Rwanda wana urwagwa, Burundi urwarwa, Wahaya wa Bukoba rubisi, Uganda tonto. Wachaga wa Kilimanjaro wana mbege, ambamo ndizi inakutana na kimea cha ulezi na uchungu wa ganda la msesewe. Hiyo ndiyo ramani ya kwetu, na inafaa ijulikane sawa na ile ya Bordeaux na Bourgogne.

Imetengenezwa namna gani? Ndizi zimeivishwa ndani ya shimo lenye majani ya mgomba, ao juu ya moto wa jikoni? Zile za juu ya moto zinaacha harufu ya moshi. Wengine wanaipenda, wengine hapana. Zimekamuliwa kwa nyasi katika mtumbwi wa mti, maji yakachujwa. Yamechanganywa na maji ya mto kiasi gani? Mtama uliokaangwa na kusagwa umetiwa mwingi ao kidogo? Mtama ndio unaoleta chachu na ule uchungu kidogo wa mwisho. Wageorgia, ambao mabaki ya divai yao ni ya zamani kuliko karibu yote yaliyogunduliwa duniani, mpaka leo wanachachisha divai katika mitungi iliyozikwa udongoni, na mwaka 2013 UNESCO iliiandika desturi hiyo katika urithi wa utamaduni usioshikika. Kwao kuzika mtungi hakukuwa ushenzi. Basi shimo letu la ndizi lina kosa gani?

Swali la nne, mwaka, kwetu linakuwa siku. Mutobe, yaani maji ya ndizi kabla hayajachacha, hata mutoto na mulokole wanakunywa. Siku ya kwanza kasiksi bado ni tamu, siku ya pili ao ya tatu inasimama, kisha inaanza kuwa kali na siki. Ndiyo maana mwenye kuisafirisha hafungi sana kifuniko cha bidoni, maana hewa inayotoka ndani inaweza kukipasua. Na ndiyo maana haijapata sifa mbali. Divai inasubiri melini miezi mingi. Kasiksi haiwezi kusubiri gari lililokwama katika tope la barabara namba 3, kule ndani ya pori la Kahuzi-Biega.

Hapo wazee nao wana kosa lao. Kuna wanaosema kwamba kasiksi ya kweli ni ya kwao tu, na kwamba ya ng'ambo ya mto ni maji ya kuoshea kibuyu. Haya nayo ni majivuno ya Bordeaux, yamevaa kofia yetu. Tena wengine wanasifu kinywaji kwa kipimo kimoja tu: inalevya ao hailevyi. Kwa kipimo hicho kanyanga itashinda daima, na tunajua inavyoharibu nyumba za watu. Anayejifunza kuonja anajifunza kunywa kidogo.

Jina linafaa kwa nini

Utaniambia: «Wewe, watu banatafuta chakula, unatuletea majina ya ndizi?» Ndiyo, na nitasema sababu.

Katika miaka ya 1860 kidudu kidogo kutoka Amerika, phylloxera, kilifika Ufaransa na kuanza kula mizizi ya mizabibu. Mashamba yalikauka nchi nzima. Dawa iliyopatikana ilikuwa kupandikiza mizabibu ya Ufaransa juu ya mashina ya Amerika, ambayo yanakivumilia kile kidudu. Mkulima alipaswa kuchagua: nipandikize mzabibu gani? Zile zilizokuwa na majina na wapenzi zilitafutwa, zikarudishwa. Nyingi ambazo hakuna aliyezijali zilipotea.

Sasa tazama kwetu. Mnyauko wa migomba, ugonjwa wa bakteria, ulionekana Masisi mwaka 2001, kisha ukashuka Kivu Kusini, na Kalehe haikuachwa. Majani yananyauka, ndizi zinaiva kabla ya wakati, ukikata shina unatoka usaha wa manjano. Wadudu wanaoutembelea ua wa dume wanaubeba, na panga letu linaubeba pia kutoka shina hadi shina. Uganda ilionekana wazi kwamba Kayinja, ndizi yao kubwa ya pombe, ilishambuliwa kuliko nyingi nyingine. Wakulima wamefundishwa kuvunja ua la dume kwa mti wenye panda, kupitisha panga motoni, na kuondoa shina linalougua. Hayo ni mazuri. Lakini shamba likishakwisha, mtu atapanda nini? Atapanda ile anayoikumbuka kwa jina. Vita vilivyoanza 1996 vimewatoa watu mashambani mara nyingi, na wengi waliporudi hawakukuta tena yule aliyekuwa akijua majina.

Ndizi isiyo na jina haitafutwi mbegu. Hiyo ndiyo kazi ya majina na ya mahali. Yametolewa kusudi kitu kikipotea kiweze kuulizwa.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. La kwanza, kila musomi anayesoma kurasa hizi aende kwa mama ao muzee mmoja anayekamua kasiksi, amuulize yale maswali manne, aandike majibu katika Kitembo ao Kihavu kama yalivyosemwa, bila kuyapamba. La pili, siku ya mahari, tuweke divai na kasiksi juu ya meza moja. Mwenye kujua divai aeleze kwa maneno ya kawaida, na mwenye kujua kasiksi aeleze vilevile. Kisha muzee wa nyuma akiuliza tena butamu iko wapi, tumpatie kiti, aonje, naye atuambie.