Herufi za Kibao cha Sumbawanga

Sumbawanga ni jina la herufi kumi. Majina mafupi kama Mpui na Laela hayampi mwandika vibao shida. Sumbawanga humlazimisha apime kwanza, maana lina M, W na A tatu, herufi zinazopenda kujitanua.

Nilimkuta fundi mmoja stendi akiandika kibao cha basi, kile kinachosimamishwa nyuma ya kioo cha mbele. Alipiga mistari miwili ya chaki, akagawa kibao mara kumi, kisha akaanzia katikati badala ya kwenye S. Katikati ya jina ni kati ya A na W, na hapo ndipo nilipopenda kazi yake: mshazari wa A unaendana na mshazari wa W, kwa hiyo alizisogeza mpaka zikakaribia kugusana. A iliyofuata nayo ikaingia vivyo hivyo. Nafasi aliyoiokoa hapo akaipa M. Kwenye pembe za M alichonga rangi kwa ncha ya brashi.

“Nisipopunguza hapa, dada, ukiwa mbali utaona doa tu.”

Herufi hizo nene, ndefu, zilizobanwa, zisizo na vikia kwenye ncha, zina ukoo mrefu. William Caslon wa Nne alichapa herufi zisizo na vikia huko London mwaka 1816, na baadaye wachonga herufi za mbao wakazibana ili zitoshe kwenye mabango. Mwaka 1965 Mwingereza Geoffrey Lee akachora Impact, ambayo kupitia Windows ilienea kwenye kompyuta duniani kote.

Lakini mimi naona zinatufaa sisi kuliko waliozibuni. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa kwa pamoja: HATUTAKUKOPESHA ni neno moja la herufi 15, na mlango wa duka hauongezeki upana. Ukilikata vipande viwili, mteja anasoma nusu ya katazo. Kanga nayo hufuata njia hiyohiyo: jina lake huandikwa kwa herufi kubwa, sentensi nzima kwenye mstari mmoja.

Kiangazi, vumbi la uwanda wa Ufipa likiinuka, abiria husoma kibao kabla hajatambua rangi ya basi. Herufi nyembamba ya kawaida ingepotea; nene iliyotanuka isingeenea. Hii nene iliyobanwa inaenea na inaonekana.

Kwa hiyo nawaomba vijana mnaotengeneza mabango kwa kompyuta: msichukue herufi pana mkaibinya kwa pembeni. Nguzo zake za wima hukonda, mistari ya mlalo ikabaki minene, na neno likaonekana limeugua. Chagueni herufi iliyochorwa ikiwa imebanwa tangu mwanzo, halafu sogezeni wenyewe A karibu na W.