Maneno ya Dharura: Funzo la Mpaka wa Tunduma

Mwezi Mei 2020 Zambia ilitangaza kwa siku moja wagonjwa wapya 85 wa korona. 76 kati yao walikuwa wa Nakonde, mji unaopakana na Tunduma. Mpaka ukafungwa kwa muda, na madereva wa malori wakakwama. Wataalamu wa afya na wa biashara wamekwisha kulizungumza sana jambo hilo. Makala haya yanalitazama kwa upande mmoja tu, nao ni upande wa istilahi.

Yafaa kwanza kulitaja lililofaulu. Neno "barakoa", lenye asili ya Kiarabu, lilikuwa likitumika pwani kwa kifuniko cha uso cha wanawake. Mwaka 2020 lilipewa maana ya kifuniko cha kuzuia maambukizo, likaenea upesi nchini kote. "UVIKO-19", ingawa limeundwa kwa utaratibu mzuri, lilikuja "korona" likiwa limekwisha kukaa vinywani mwa watu. Hapa pana funzo: istilahi inayochelewa haipati nafasi kwa urahisi, hata ikiwa sahihi.

Kasoro kubwa zaidi imo katika maneno yanayomtaja mtu. Magazeti yamezoea kuandika "mshukiwa" kwa mtu mwenye dalili ambaye vipimo havijamthibitisha. Lakini mshukiwa, kwa msomaji wa kawaida, ni mtu wa polisi. Dereva mwenye homa akisikia kwamba mpakani wanatafutwa washukiwa, atameza vidonge vya kushusha homa, anyamaze, apite. Neno "mhisiwa", ambalo taarifa za afya hulitumia pia, halina harufu ya jinai. Tunalipendelea, mradi lifafanuliwe kila linapotumika. Wala mhisiwa si sawa na "aliyetangamana". Utingo aliyelala katika gari moja na mgonjwa, naye hana dalili yoyote, ametangamana tu, hajawa mhisiwa.

Tofauti hiyo yatupeleka kwenye "kutenga" na "karantini", maneno yanayochanganywa kila siku. Mgonjwa hutengwa ili atibiwe bila kuambukiza wengine. Karantini ni ya mtu mzima wa afya ambaye huenda ameambukizwa. Aidha, "kutengwa" kijijini ni adhabu: aliyetengwa hapewi hata moto wa kuwashia jiko. Kwa hiyo tunapendekeza "kulazwa peke yake" kwa mgonjwa, na "karantini" ibaki kwa aliyetangamana, ikitajwa daima pamoja na idadi ya siku. Neno lenyewe latokana na siku arobaini za mabaharia wa Italia, wala halitaji muda wa leo. Kwa Marburg, iliyozuka Kagera mwaka 2023 na tena 2025, waliotangamana hufuatiliwa kwa siku 21.

Mwisho ni neno "mafunzo" lenyewe. Taarifa za baada ya mlipuko hupenda kichwa "Mafunzo Yaliyopatikana". Msomaji anaweza kudhani kwamba wauguzi walihudhuria semina. Iandikwe "Tuliyojifunza", na chini yake yatajwe matendo: nani abadilishe nini, na lini. Taarifa isiyosema hivyo ni kumbukumbu tu, haijawa funzo.

Tunduma si mahali pa Kiswahili peke yake. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka, Kinyiha husemwa Mbozi, na Kibemba husikika sokoni. Hatuna budi, basi, kuandaa sasa, wakati wa utulivu, orodha fupi ya istilahi za dharura, na kuijaribu kwa wasemaji hao na kwa madereva kabla ya kuichapa. Tusingoje mlipuko mwingine ndipo tuanze kubishana juu ya maneno. Wakati huo mgonjwa atakuwa amekwisha kuvuka.