Flenji Iliyopinda Kama Mtumbwi

Flenji ya kwanza ilikuwa nzuri kwa macho. Mshono umejaa, hauna tundu, na kijana aliyeuchomelea kwenye kibanda chake cha mabati nyuma ya nyumba, hapa Mbezi Luis, alikuwa na haki ya kujivuna. Tukailaza juu ya kipande cha kioo tulichopewa na fundi wa madirisha ya aluminiamu. Katikati iligusa, ncha zote mbili zikabaki juu kama mtumbwi. Nikaanza kupachika nyembe. Wembe wa kunyolea wa makali mawili una unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita. Upande mmoja ziliingia saba.

Kazi yenyewe ilikuwa manifoldi ya ekzosi ya Toyota ya silinda nne: flenji ya chuma bapa cha sentimeta 40, unene milimita 10, na mabomba manne yenye ukuta wa milimita 2. Pengo kama hilo ukilikaza kwa bolti, gasketi itavumilia siku chache, kisha utasikia tsi-tsi-tsi kila asubuhi unapowasha gari.

Mafundi wengi husema chuma kimekunjwa na moto. Ni kweli, ila kinachokunja hasa ni kupoa. Chuma cha kawaida hutanuka kama milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Kipande chetu kingepashwa chote kwa nyuzi 500 kingerefuka karibu milimita 2.4, na kikipoa kingerudi kilipokuwa. Mshono haupashi chote. Sehemu yenye moto inataka kutanuka, chuma baridi kilichoizunguka kinaibana, nayo kwa kuwa imelainika inabonyea. Ikianza kupoa inasinyaa mpaka inakuwa fupi kuliko mwanzo, na inavuta. Mshono wetu uko upande wa mabomba, basi ncha zikafuata huko. Stenlesi ni mkorofi zaidi: hutanuka kupita chuma cha kawaida kwa zaidi ya theluthi, halafu haisambazi joto vizuri, moto unabaki palepale.

Flenji ya pili tuliifunga kwenye silinda hedi ya injini iliyokufa, iliyotoka kwa wauza chakavu. Bolti zote, si mbili za kuanzia. Hedi ile ilifanya kazi mbili: kushikilia na kunywa joto. Mabomba yakakatwa upya yakae bila uwazi, maana uwazi hujazwa kwa rodi, na rodi nyingi ni joto jingi na msinyao mwingi. Yakashikizwa kwa vidoa vinne vinne, kila kidoa kikitazamana na mwenzake. Baada ya hapo rodi ya milimita 2.5, ampea kama 70, mshono wa sentimeta mbili tu, kisha kuhama: bomba la pili, la nne, la kwanza, la tatu, na kurudi. Mashine ya kuchomelea ni ileile ya flenji ya kwanza.

(Mabomba ya maji yaliyopakwa zinki ni rahisi kupata, lakini moshi wake ukichomelea unaleta homa. Achana nayo.)

Katikati ya kazi kijana alishika ndoo ya maji. Nikamzuia. Maji hupoza upande mmoja kabla ya mwingine, na tofauti hiyo ndiyo tuliyokuwa tunapigana nayo tangu asubuhi. Tukanywa chai, tukaendelea, na mwisho tukaiacha imefungwa hivyohivyo usiku kucha.

Asubuhi, juu ya kioo, wembe mmoja uliingia kwenye kona moja. Kwingine kote ulikataa. Kona hiyo ilimalizwa kwa msasa uliolazwa juu ya kioo kilekile, kwa dakika zisizofika ishirini.

Nawe ukijaribu, usiguse spana mpaka uweze kuiwekea flenji kiganja kitupu na kukiacha hapo.