Mlezi wa jagina si mshauri wake

Juma lililopita mwanafunzi wangu mmoja aliniletea rasimu ya uhakiki wa filamu mbili, The Karate Kid ya 1984 na Queen of Katwe ya 2016. Alitaka kuonyesha jinsi mtu mzima anavyomsaidia jagina mchanga kupata nguvu. Kazi ilikuwa safi, ila mtu mzima huyo alimwita 'mshauri' tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Nikamuuliza, "Hebu niambie, huyu mzee Miyagi alimshauri Daniel nini hasa?" Akafikiri kidogo, kisha akacheka. "Mwalimu, kusema kweli, alimpa tu magari ayang'arishe."

Hapo ndipo istilahi inapotuponza. Kiingereza kilipata neno lake kutokana na jina la mtu, Mentor, yule rafiki ambaye Odysseus alimwachia nyumba yake alipokwenda vitani Troy katika utendi wa Homer. Sisi bado tunahangaika na kisawe. Wapo wanaosema mshauri. Wapo wanaosema mnasihi, ingawa shuleni mnasihi tayari ana kazi yake ya kuwasikiliza wanafunzi wenye shida. Kungwi angefaa sana, kwani humfunda mwari kwa maneno na kwa vitendo, lakini siku hizi neno hilo limebanwa na mambo ya unyago na ndoa. Andika 'kungwi wa Luke Skywalker' uone msomaji atakavyoangua kicheko! Mimi nashikilia mlezi. Wala si suala la ladha tu, maana neno tunalolichagua ndilo linaloamua tutazame wapi katika filamu.

Ukimwita Miyagi mshauri, utaanza kuwinda kauli zake za hekima. Zipo, lakini nguvu za Daniel hazitoki huko. Kijana huyu amehamia California kutoka New Jersey, anapigwa na wenzake shuleni, na anataka karate upesi. Mzee anampa kazi: paka magari nta, piga sakafu msasa, paka ua rangi, paka nyumba rangi. Siku zinapita. Daniel anachemka, anaona amefanywa kibarua wa bure. Ndipo mzee anapomrushia ngumi, na mikono ya kijana inazikinga yenyewe kwa miondoko ileile ya kupaka na kufuta. Hakuna nasaha hapo. Mwili umelelewa kabla ya akili kupewa habari.

Hata hivyo, onyesho ninalolithamini zaidi si hilo. Ni lile la usiku ambapo Daniel anamkuta mzee amelewa, amevaa sare zake za kijeshi, akimlilia mkewe aliyefariki akijifungua katika kambi ya Manzanar, ambako Marekani iliwazuilia raia wake wenye asili ya Japani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mtoto naye hakupona. Mumewe wakati huo alikuwa akiipigania Marekani hiyohiyo. Daniel anamlaza mzee kitandani. Kwa dakika chache aliyekuwa akilelewa ndiye analea, na kwa maoni yangu kijana anakua zaidi hapo kuliko kwenye mazoezi yote ya ufukweni. Mhakiki anayemsaka mshauri atalipita onyesho hili kama mapumziko ya hadithi tu.

Nilipofika hapo mwanafunzi akanipinga, na hoja yake ilikuwa nzito: "Lakini mlezi si ni mzazi?" Ndiyo, na hiyo ndiyo faida ya neno lenyewe. Queen of Katwe ya Mira Nair inamhusu Phiona Mutesi, msichana muuza mahindi wa mtaa wa Katwe jijini Kampala aliyekuja kuwa bingwa wa sataranji. Insha nyingi humpa sifa zote Robert Katende, kocha anayeigizwa na David Oyelowo, na anastahili. Anawavuta watoto kwa uji kabla ya kete, na anaikataa kazi ya uhandisi ili abaki nao. Lakini mtazame Harriet, mamake Phiona, anayeigizwa na Lupita Nyong'o. Ndiye anayeuza kitambaa chake cha thamani ili bintiye apate mafuta ya taa asome usiku. Ndiye pia anayemwekea kocha mashaka, akihofia kwamba mtoto ataonjeshwa maisha asiyoweza kuyapata. Na hofu hiyo si ujinga. Phiona anaporudi kutoka mashindano ya Sudan, kwao kunamshinda. Kazi za nyumbani zinamchosha, na amekuwa mgeni katika chumba chao wenyewe.

Walezi wawili wanavutana, mmoja akisukuma na mwingine akishika. Ukimwita kocha mshauri na Harriet mzazi, umewatenganisha watu ambao filamu inajitahidi kuwakutanisha.

Si kila filamu ina subira hiyo. Star Wars ya 1977 inamuua mzee Obi-Wan mbele ya macho ya kijana ili njia ifunguke. Mbinu hiyo ni kongwe na ina uzito wake, lakini waandishi wengi wa miswada wameigeuza njia ya mkato. Katende na Miyagi wanabaki hai na kujifunza kukaa kando ya ulingo, jambo ambalo nadhani ni gumu zaidi kuliigiza.

Tulibaki na Kreese, mkuu wa Cobra Kai, anayewaamuru vijana wake waushambulie mguu wa Daniel ulioumia. Vijana wake wana nguvu kuliko Daniel, tena wamezipata kwake. Mwanafunzi aliuliza kama naye tumwite mlezi. Nikakataa. Huyo ni mkufunzi, na uso wa Johnny anapopokea amri ile unaonyesha kijana anayetafuta mtu mzima na kumkosa. Johnny ndiye anayemkabidhi Daniel kombe mwishoni, na hakuna aliyemtuma. Rasimu ya pili naingoja Jumatatu.