Boyi: neno la herufi nne na mizigo yake



Kuna maoni yanayozunguka sana kati yetu: neno boyi litupwe, maana ni tusi la ukoloni, mutu aliyesoma aseme "mutumishi" ao "domestique". Nia ni nzuri. Lakini maoni hayo yanapima neno kwa juu tu. Mbele ya kulitupa, tuangalie lilitoka wapi, linafanya kazi gani mudomoni mwetu, na tukilitupa kutabaki nini.

Neno lenyewe ni la Kiingereza, "boy". Shuleni tulifundishwa kwamba maana yake ni mutoto mwanaume. Ni kweli, lakini haiko maana ya kwanza. Katika Kiingereza cha karne ya 13 lilikuwa jina la mutumishi, mutu wa chini. Maana ya mutoto ilikuja kushika nafasi nyuma. Hatupaswi kushangaa. Hata kwetu mutoto ni mutu wa kutumwa: leta maji, enda duka, chukua kiti. Mutumishi na mutoto walikaa nyumba moja tangu zamani.

Kiingereza kilifika namna gani mu inchi ya Babeleji? Bazungu wa pande nyingi za Afrika walikuwa tayari wanasema "boy", lakini kwetu reli ililipa nguvu. Mwaka 1910 reli kutoka Rodezia ilifika Elisabethville, muji ukiwa njo unaanza. Union Minière, iliyoundwa 1906, ilikuwa na pesa ya Bangereza ndani, kupitia Tanganyika Concessions ya Robert Williams. Bafanyakazi wengi wa kwanza walitoka upande ule wa kusini. Babeleji walilichukua neno, kiisha wakalizalisha. Walitengeneza "boyesse", mutumishi mwanamuke: neno la Kiingereza lililofungwa mukia wa Kifaransa. Wakatengeneza "boy-chauffeur", kijana anayesafiri na dereva wa kamio, anapakia, anabadilisha magurudumu, anajifunza kazi njiani. Na wakatengeneza "boyerie", kanyumba ka nyuma ya parseli.

Tusimame kidogo hapo ku boyeri. Muji wa bazungu na cité zilitenganishwa na zone neutre, na usiku Mwafrika asiye na karatasi hakuruhusiwa kutembea upande wa bazungu. Boyeri ilikuwa mahali ambapo mutu mweusi alilala ndani ya muji ule, kwa sababu ya kazi tu. Leo mwanafunzi wa université anasema bila haya: "Naikala mu boyeri." Neno limesahau boyi, limebaki na nyumba. Hakuna anayedai hilo nalo lifutwe.

Tanzania banasema hausiboi na hausigeli. Kenya, ile inchi, haiko commune yetu, kuna shamba boi. Kule neno limefungwa ku kazi. Kwetu limetoka ku kazi likaingia ku kila kitu. Mutu akikutuma mara ya tatu, unamujibu: "Miye niko boyi yako?" Hapo hakuna mushahara wala muzungu. Boyi imekuwa mupaka: kufika hapa nakusaidia, kupita hapa unanizarau.

Lakini ushahidi mukubwa uko katika maandishi ya muji wetu wenyewe. Mwaka 1965 batumishi wa zamani wa nyumbani waliandika historia ya Elisabethville kwa Kiswahili chetu, na kuipa jina la Kifaransa: Vocabulaire de ville de Elisabethville. André Yav njo aliyeikusanya. Johannes Fabian aliitoa kitabu mwaka 1990. Walioandika si magavana wala si bapadri. Ni batu wa jikoni na wa kufua, waliosimama nyuma ya kiti wakati bakubwa wanakula na kuzungumuza. Hawakungoja kwanza wapewe jina zuri ndipo waandike.

Shuleni tunasoma Une vie de boy ya Ferdinand Oyono, ya mwaka 1956, ambamo Toundi, boyi wa komanda, anaandika mambo ya nyumba ya bwana wake. Ni riwaya nzuri, lakini Toundi ni mutu wa kubuniwa, na ni wa Kameruni. Sisi tulikuwa na wenyewe, hapa, na maandishi yao. Ni wangapi kati yetu, na diplome zetu, wamewahi kuyasoma?

Fabian anaeleza kwamba maandishi yale yalikuwa magumu kwa macho: maneno yamekatwa ao kuunganishwa bila kanuni. Ilibidi mwenye luga, Kalundi Mango, ayasome kwa sauti, ndipo maana ikatoka. Neno boyi ni vile vile. Korti Kuu ya Marekani ilisema kitu karibu na hicho mwaka 2006, katika kesi ya Ash na Tyson Foods. Bafanyakazi wawili weusi walidai mukubwa wao aliwaita "boy". Korti ya chini ilisema neno hilo peke yake, bila kuongezewa rangi ya ngozi, halionyeshi ubaguzi. Korti Kuu ilikataa: maana inategemea mazingira, sauti, desturi ya mahali na historia ya matumizi.

Kwa hiyo wanaotaka kufuta neno wana haki nusu. Baba wa miaka 55, mwenye bajukuu, kuitwa boyi na mutoto wa nyumba ni haya kwetu sote. Lakini katika nyumba nyingi za wasomi boyi ameshakuwa "domestique", na mushahara unachelewa kama mbele, anakula wa mwisho, na bana ba nyumba hawajui jina lake. Sauti ni ile ile. Ukibadilisha neno na kuacha sauti, umejisafisha wewe tu; yeye hakupata kitu.

Mimi napendekeza mambo mawili. La kwanza, Vocabulaire ya Yav isomwe katika masomo yetu, na isomwe kwa sauti. La pili ni dogo zaidi na ni gumu zaidi: tumuite "Papa" na jina lake, kiisha tuangalie tarehe. Kama mwezi umeisha na hajalipwa, basi hata tukimupa jina gani, kwake bado ni boyi.