Diabelli: Tumemcheka Pasipostahili

Wanaomtaja Anton Diabelli (1781–1858), mtunzi na mchapishaji wa muziki wa Austria, kwa kawaida humtaja ili wamcheke. Eti alitunga walzi moja ya ovyo, Beethoven akaidharau, kisha akaifanya kazi kubwa. Mimi naona hukumu hii imekaa upogo.

Kwanza, shahidi ni nani? Hadithi ya dharau inatoka kwa Anton Schindler, karani wa Beethoven. Watafiti wameshathibitisha kwamba Schindler alighushi maandishi katika madaftari ya mazungumzo ya bwana wake. Shahidi wa namna hiyo sisi bado tunamwamini!

Pili, tuangalie kazi yenyewe. Mwaka 1819 Diabelli aliwapelekea watunzi walzi yake, kila mmoja aitungie sura moja mpya. Waliitika 50, akiwemo Schubert na Liszt, ambaye alikuwa bado mtoto. Beethoven peke yake alitunga sura 33, zikachapwa mwaka 1823. Je, mtu huchimba mara 33 pasipo na maji? Sura ya kwanza ni mwendo wa gwaride. Ya 22 inamtania Mozart. Ya mwisho ni dansi ya kiungwana. Walzi ile ni nyepesi, sikatai. Lakini wepesi huo ndio uliomwachia Beethoven nafasi, kama kiitikio kifupi kinavyomwachia fanani nafasi ya kubuni.

Sasa tuje kwenye kesi ya kweli. Mwaka 1821 kampuni ya Cappi na Diabelli ilichapa "Erlkönig" ya Schubert, kwa fedha walizochanga marafiki zake. Baadaye Schubert, akiwa na shida, aliwauzia haki za kazi zake moja kwa moja. Mwaka 1823 aliwaandikia barua ya kulalamika, akahama. Alipofariki mwaka 1828, Diabelli alinunua sehemu kubwa ya miswada yake kutoka kwa kaka yake, Ferdinand, akaendelea kuichapa kwa miaka mingi. Kwa hiyo aliyeisambaza kazi ndiye aliyevuna.

Hapa ndipo uhakiki wetu unapopwaya. Tunachambua fani na maudhui, tunamjadili mtunzi na jamii yake, lakini mwenye mtambo wa kuchapia hatumgusi. Tukimcheka Diabelli kwa walzi yake, tunamsamehe bure kwa daftari lake la hesabu. Nani kati yetu ataanza kulifungua?